Kichwa cha Changu

Mchanga wa ufukweni unafaa kwa baiskeli ukiwa umelowa tu. Ukikauka unameza tairi, na maji yakijaa haupo. Jambo hilo nililisoma katika kitabu cha zamani cha mambo ya bahari nilichonunua pembeni mwa barabara, kwa kuwa nimezaliwa Tabora na hakuna aliyenifundisha utotoni. Baadaye nililihakikisha mwenyewe, kwa kusukuma baiskeli.

Kwa hiyo siku niliyofunga karakana yangu ya viti pale Keko ili nizunguke pwani ya Kigamboni, nilipanga safari kwa kuyafuata maji. Nivuke na kivuko mapema, niende kwa njia za ndani mpaka mbele ya Gezaulole, kisha nirudi kupitia ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Nikichelewa yakajaa, nitarudi kwa njia ileile ya ndani, ambayo ina mchanga mkavu mwingi.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Njia inapita katikati ya minazi na viwanja vyenye mabango yanayosema kiwanja hakiuzwi. Kimoja kilikuwa na mabango mawili, moja linasema kinauzwa, jingine linasema hakiuzwi, na mbuzi amefungwa kwenye lile la pili. Mbwa mmoja alinikimbiza, lakini kwa wajibu tu.

Nilipokata kushoto kuelekea baharini nikakuta turubai limefungwa uani, watu wamekaa kwenye mikeka na sufuria ziko motoni. Mtu hapiti msibani amepanda baiskeli. Nilishuka, nikavua kofia, nikaanza kuisukuma taratibu huku nikitoa pole. Mama mmoja mnene akasimama mbele yangu.

"Tumeshapoa. Unatoka wapi, baba?"

"Keko."

"Keko si kwenu. Kwenu wapi?"

"Tabora. Mimi ni Mnyamwezi."

Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa kosa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani akifika msibani si mgeni tena. Ana kazi yake, nayo ni kuwatania wafiwa mpaka wakumbuke kwamba wao bado wako hai.

"Mnyamwezi huyu hapa!" mama akapaza sauti kuelekea jikoni. "Maziko kayakimbia, wali kauwahi!"

Jikoni wakapiga vigelegele. Mama akaninyang'anya baiskeli, akaifunga kwenye mnazi kwa kanga yake, mafundo mawili. Kisha akashusha sauti.

"Sikiliza, mtani. Aliyefariki ni wifi yangu, tumemzika jana. Yule pale kwenye mkeka ni kaka yangu, mumewe. Hajatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Ana vidonge vya presha, na daktari kasema asivimeze na njaa. Sie tumembembeleza tumechoka. Mtani wetu wa hapa kasafiri. Kaka akila, baiskeli yako hiyo. Asipokula, nitaanikia nguo."

Nikamwambia maji yatajaa.

"Yajae. Yana kazi gani nyingine?"

Nilikaa kwenye mkeka. Mzee alikuwa mwembamba, ameinamia sinia la wali na samaki aina ya changu aliyepikwa kwa nazi. Nikamwamkia shikamoo. Mama akanizomea kutoka nyuma kwamba mtani haanzi na shikamoo. Mzee aliendelea kuinamia sinia.

Mimi sijui kutania. Nikaona nianze na ninachokijua. Nikamweleza mzee kwamba utani wetu unasemekana ulianza enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kuja pwani, na kwamba yako maelezo mengine yanayotofautiana kidogo na hayo. Nilikuwa bado sijafika kwenye hayo mengine mzee alipoinua macho na kumtazama dada yake.

"Huyu mmemtoa wapi? Ni Mnyamwezi au ni redio?"

"Mtukane!" mama akaninong'oneza. "Mtukane kidogo tu!"

Sikupata tusi la kufaa. Nikanawa, nikaanza kula, nikitumaini atafuata mfano. Nilikula kwa utaratibu wangu wa siku zote, kuanzia pembeni kuingia ndani. Kichwa cha samaki kilikuwa kimenizuia kufikia wali. Kwetu tulizoea nyama na maharage, na samaki tulimjua akiwa mkavu. Mimi nilikihesabu kichwa pamoja na mifupa. Chini ya turubai palikuwa na paka. Nikakinyanyua kichwa, nikamnyooshea.

Mzee alinidaka kifundo cha mkono kabla paka hajasimama.

"We! We mtu wa bara! Unafanya nini?"

"Nampa paka."

"Kichwa? Kichwa cha changu unampa paka?" Akawageukia watu wote wa mikekani. "Jamani, mmemwona? Mnyamwezi anampa paka kichwa! Na huo mkia je, utampelekea mkeo?"

Mikeka yote ikacheka. Mzee mwingine akasema nisamehewe, kwetu tunakula mahindi, nayo hayana kichwa. Jikoni walitaka kuelezwa kilichotokea, wakaelezwa, vigelegele vikaanza upya.

Mzee alikuwa ameshakichukua kichwa mkononi mwangu. Akakitazama.

"Hiki mke wangu ananiwekeaga mimi," akasema. "Watoto wakikigusa anawachapa mikono."

Akakipasua kwa vidole viwili, akafyonza shavu, akafyonza jicho, akachota wali. Alikula mpaka upande wake wa sinia ukaonekana chuma. Dada yake akaleta vidonge na maji, naye akameza.

Kanga ilifunguliwa kwa shida, kwa sababu ya fundo la pili. Nilipofika ufukweni mchanga wangu ulikuwa chini ya maji kama kitabu kilivyoeleza. Nikarudi kwa njia ya ndani, sehemu kubwa nikisukuma. Mbuzi alikuwa amehamishiwa kwenye bango la kinauzwa.

Nyumbani mke wangu alikuta kifurushi cha jani la mgomba kwenye kapu la baiskeli. Mama yule alikuwa amenifungia kichwa kingine, na ameniagiza nije arobaini nikiwa nimejua kukila. Nilikaa nacho mezani muda mrefu, nikaanzia kwenye shavu. Jicho nilipoliweka mdomoni, mke wangu alitoka nje.

Nyama ya kichwa ni kidogo, lakini ipo.