Uyoga wa Kiwanja cha Betri

Raudha hakati uyoga kwa kisu. Anaung'oa na shina lake na udongo uliogandamana nalo, kisha anautia kapuni hivyohivyo, mchafu. Wateja wake sokoni Bunju wamezoea. Wageni humtania kwamba anauza shamba kwa mafungu, naye huwajibu kuwa uyoga uliokatwa shina umenyang'anywa kwao: hujui tena kama chini ulikuwa na kile kikombe cheupe kinachotambulisha uyoga wa sumu, wala hujui uliota wapi.

Ya kikombe alifundishwa na bibi yake, kwenye vichuguu vya Mabwepande, kabla viwanja havijapimwa. Ya udongo aliyapata ukubwani, kwenye semina ya siku mbili ofisi ya kata. Mtaalamu wa lishe aliwaambia uyoga hunyonya kilichomo ardhini: chuma na zinki, vinavyojenga mwili, na ardhi ikiwa na madini ya risasi, hunyonya na hayo. Wenzake walikuwa wameshashiba pilau, wanasinzia. Yeye hakusinzia.

Masika haya mdogo wake, Nassibu, alimletea beseni zima la uyoga. Mkewe Nassibu, Lulu, ana mimba ya miezi mitano. Kliniki walimkuta damu imepungua, wakampa vidonge, wakamwambia ale vizuri. Tangu hapo hamu yake ikawa moja tu, mchuzi wa uyoga wa nazi wa wifi yake. Asubuhi ile alikuwa ameshakaa jikoni kwa Raudha, nazi imeshakunwa.

Uyoga ulikuwa wenyewe hasa, ule wa kichuguuni, kofia pana, nyama nene. Lakini mashina yalikatwa, tena ulioshwa ukatakata.

Raudha akauliza umetoka wapi. Nassibu akasema hapo tu. Hapo wapi? Nassibu akasema dada naye, mbona ameshauchemsha mmoja na kitunguu, na kitunguu hakikubadilika rangi, basi hauna sumu.

"Kitunguu kinajua nini?" Raudha alisema. "Mie nakuuliza udongo, wewe waniletea kitunguu."

Lulu akacheka, akasema wifi anauhoji uyoga kama mjumbe anavyomhoji mpangaji mpya. Raudha hakucheka. Alifunika beseni kwa ungo, akajifunga kanga, akamwambia Nassibu atangulie.

Walifika kwenye kiwanja ambako fundi Jabiri alifanyia kazi miaka mingi, akipasua betri chakavu za magari, mpaka alipohama. Mvua ilikuwa imekifanya kizuri: majani mabichi, kichuguu kando ya ukuta, uyoga umesimama mweupe. Raudha akachokonoa udongo kwa kijiti. Kikatoka kipande cha sahani ya risasi ya ndani ya betri, cha kijivu, kizito kuliko ukubwa wake. Kikatoka cha pili, na cha tatu. Akamwekea Nassibu kiganjani.

"Hiki hakitoki kwa kuchemsha," alisema. "Na wa tumboni hana pa kukitemea."

Nassibu alikitupa chini. Kisha akaomba jembe kwa jirani na kuanza kung'oa uyoga wote uliobaki, asije mwingine akauona akaupenda.

Nyumbani Lulu alilia. Alisema ameshakula mangapi ya barabarani na yu hai, bakuli moja litamfanya nini. Raudha alichimba shimo uani. Aliufukia humo uyoga wote wa beseni mbele ya macho yake, akarudi jikoni, nazi akaitilia matembele na dagaa, akaketi naye mpaka bakuli likaisha na kidonge kikamezwa.

"Uyoga utakula," alimwambia. "Ila nitaujua kwao kwanza."

Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka ng'ambo ya Mabwepande, kwenye shamba la mzee Albano, ambako aliambiwa kuna vichuguu vinne. Alimwamkia, akamuuliza ardhi hii ilikuwa nini zamani. Mzee alishangaa, kwani wanunuzi huuliza bei tu. Akajibu korosho, na kabla ya korosho, pori. Gereji je? Jalala? Dawa za kupulizia? Mzee akasema dawa ameacha tangu mikorosho izeeke, mwaka wa sita huu.

Raudha alivizunguka vichuguu vyote vinne, akichokonoa, asikute ila udongo mtupu. Kwenye cha mwisho, penye uyoga, akatua kapu lake, akapiga magoti, akaanza kuung'oa na udongo wake.