Orodha ya Watu Ishirini na Nne

Mvua ilianza kabla hatujafika gatini. Chama chetu cha Waswahili wa Stockholm kilikuwa kimekodi boti ndogo itupeleke kwenye kisiwa chenye magofu ya gereza la zamani. Shangazi alipika pilau, na mimi nilibeba sufuria kutoka kwetu Tensta, kwenye treni, nimeikumbatia kama mtoto.

Nahodha alitaka orodha ya abiria kabla hatujashuka, asije akamwacha mtu kisiwani. Mwenyekiti akauliza nani anaweza kuandika.

"Mpe huyu mwanangu," shangazi akasema. "Kamaliza kidato cha nne huyu."

Sikumaliza. Niliishia darasa la saba, Kigoma, na naandika polepole, herufi moja moja. Shangazi alilijua hilo. Lakini tangu nilipofika kwake alikuwa akiwaambia watu hivyo, na mimi kwa aibu nilikuwa nikitazama viatu vyangu tu. Nikapokea karatasi.

Nikapita kiti hadi kiti. Watu walikuwa wamejifunika kofia za makoti ya mvua, nyuso zikionekana nusu. Mtu mzima nampa shikamoo, simuulizi jina lake. Kwa hiyo niliwaandika wanavyoitwa, kina mama na kina baba kwa majina ya watoto wao. Ajuza mmoja mwenye wajukuu pacha nilimwandika Bibi Mapacha. Nilipokawia, wengine wakaanza kunitajia watu, wakidhani wananisaidia.

"Eh, mama, usimsahau Bibi wa Hallunda," alisema mama mmoja Mkongo, akionyesha nyuma kwa kidole.

Nikaandika bila kuinua kichwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa ishirini na nne.

Kisiwani tuliona kuta nene na chumba cha mfungwa ambacho ningeweza kugusa kuta zake mbili kwa wakati mmoja. Mwongozaji alisema zamani pale palikuwa mwamba mtupu. Wafungwa ndio waliochota matope ziwani na kuyamwaga juu ya jiwe, mwaka baada ya mwaka, mpaka miti ikashika. Msitu wote ule uliokuwa ukitudondoshea maji shingoni ulikuwa kazi yao. Nilisimama kidogo mle chumbani baada ya wengine kutoka. Kisha nikaogopa mlango, nikakimbia.

Tuliporudi botini, baharia akahesabu vichwa. Akahesabu tena. Ishirini na tatu.

"Karatasi inasema ishirini na nne," mwenyekiti akatutafsiria. "Kuna mwenzetu kabaki." Akachukua wanaume wawili, wakashuka kwenye mvua. Tulisikia sauti zao zikiita "Hodi! Kuna mtu?" kwenye magofu, halafu mbali zaidi, msituni.

Sisi tukabaki tumefungiwa. Madirisha yalijaa mvuke. Mtoto mmoja akalalamika kwa Kiswidi kwamba anaganda, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili, "Wewe una koti. Wale wafungwa walikuwa na nini?"

"Huyo mtu kaipenda jela," akasema Mkenya mmoja. "Mwacheni. Huko hakuna foleni ya kungojea nyumba kama mjini."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika orodha, naisoma kwa kidole, nikitafuta uso wa kila jina. Mstari wa tatu, Bibi Mapacha, yule pale karibu na mlango. Mstari wa kumi na tisa, Bibi wa Hallunda. Nikatazama pande zote. Bibi Mapacha anakaa mtaa gani? Hallunda. Nilimwandika mtu mmoja mara mbili.

Nikamnong'oneza shangazi. Akanifinya paja, akiendelea kutabasamu kwa watu.

"Nyamaza. Watachoka, watarudi wenyewe. Unataka waseme nini juu yangu?"

Nikanyamaza. Nje waliendelea kuita.  

Ndipo Bibi Mapacha akasimama. Akafunga koti, akashika nguzo kwa sababu ya magoti yake.

"Siwezi kukaa hapa na mwenzangu amepotea huko," akasema. "Nifungulieni."

Baharia akamfungulia. Bibi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ubao wa kushukia, uliolowa.

"Bibi, kaa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Anayetafutwa ni wewe."

Boti nzima ikanigeukia. Nikawaeleza, na nilipoanza sikuweza kukata katikati, nikasema na la darasa la saba. Mama Mkongo akashika mdomo. Mkenya akatoka kuwaita wanaume. Shangazi akageukia dirisha ambalo halikuonyesha kitu.

Bibi akakaa kando yangu, akapumua.

"Mimi nilikuwa naenda kujitafuta?" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Futa yote mawili. Andika jina langu."

Akanitajia jina ambalo sijawahi kusikia mtu akimwita. Lilikuwa refu. Niliandika herufi moja moja, na mwenyekiti, maji yakimchuruzika usoni, akasimama akingoja nimalize.

Tuliposhuka kwenye treni Tensta, shangazi akanigeukia.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Nilikuambia, shangazi."

Akaichukua sufuria mikononi mwangu, akatangulia.