Mchoraji wa vibao Kyela amtembeleaye mumewe mtandaoni

Yaliyomo humu ni kweli tupu. Mwandishi yuko tayari kuapa mbele ya shehe na mchungaji kwa pamoja, na akikutwa na uongo atalipa.

Saa moja asubuhi, Kyela mjini, Mwasiti Abdulrahim yuko juu ya ngazi, brashi moja mdomoni, nyingine mkononi, akichora kichwa cha ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Hana wa kumshikia ngazi. Ameifunga kwa kamba kwenye nguzo.

"Zamani aliishika Yasini," anasema. "Kamba haina mazungumzo."

Yasini, mumewe, alikuja naye kutoka Pangani kuuza vitambaa, akafariki mwaka 1999. Hawakujaliwa watoto. Kibao kimoja humpa Mwasiti shilingi elfu kumi na mbili, rangi zikiwa zake. Masika huweza kupita mwezi bila kazi. Jioni bado hupika wali wa watu wawili. Asubuhi hula kiporo.

Kazi yake iliyovuma ilikuwa kibao cha mgahawa wa Ambrose, kule Ipinda: Yasini, kofia kichwani, amekumbatia samaki mbasa mkubwa kama mtoto wa shule. Samaki yule alivyochorwa, paka wa Ipinda walipanga foleni kulamba bati.

Mwaka jana mafuriko yakakisomba kibao. Yasini hakupenda kupigwa picha. Sura yake ilikuwa pale tu.

"Nimejaribu kumchora tena," anasema Mwasiti. "Mkono unanitolea mtu mwingine."

Siku moja Wema, mwenye duka la intaneti, akamwita. "Bi Mwasiti, njoo umwone mzee!" Kwenye tovuti ya nyumba moja ya wageni ya ufukweni, Yasini alikuwa akicheka na samaki wake. Chini paliandikwa: "Kazi ya mgeni wetu."

Tangu hapo, kila Jumamosi Mwasiti hulipia nusu saa, akakaa kiti cha kona, akamtazama. Mashine ya kuchapishia picha pale dukani iliharibika siku nyingi zilizopita.

Lakini yale maneno ya chini hayakumtaja yeye wala Yasini. Akamfuata Ambrose.

"Ndaga, Bi Mwasiti," Ambrose akamkaribisha. "Wageni wa nyumba ile walikuja na kamera, nikawaruhusu. Kibao si nilikulipa?"

"Ulinunua kibao. Ulinunua na mkono wangu?"

"Eh! Sasa hata kutazama tuombe kibali?"

"Tazama mpaka macho yachoke. Kunakili ndiko kuna mwenyewe."

Hayo alikuwa amesomewa na Wema: kuuza kibao si kuuza hakimiliki ya mchoro, na picha kuwa mtandaoni hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Mchoraji anaweza kutoa leseni, akasema nani aitumie, wapi, kwa muda gani, na jina la nani liandikwe.

Hofu yake ilikuwa moja. "Nikiwashtaki wataifuta. Nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Miezi ikapita. Mwishowe Wema akaiandikia ile nyumba ya wageni barua pepe, maneno yakiwa ya Mwasiti: "Msiifute. Nawapa leseni ya kuionyesha hapo tu. Andikeni: mchoraji Mwasiti, mchorwa Yasini."

Jibu halijaja. Jumamosi iliyopita ukurasa ulisita kufunguka. Mwasiti alishika ukingo wa meza mpaka ikatokea kofia, kisha macho, kisha samaki.

Anatumaini siku moja majina mawili yatatokea chini ya samaki huyo.

Kabla mwandishi hajaondoka, Mwasiti alimtaka asome makala yake kwa sauti.

"Paka walikuwa wangapi?" Mwasiti akauliza.

"Mmoja," mwandishi akakiri.

"Alikuwa amelala. Na hiyo karatasi mkobani, mzee?"

Ilikuwa picha ya Yasini, mwandishi kaitoa kwenye tovuti ile na kuichapisha Mbeya kwa ajili ya gazeti.

"Uliomba?"

Hakuwa ameomba. Mwasiti akaichukua, akaitazama mpaka rangi ikakaukia kwenye brashi.

"Leseni yako hii: gazeti hili, mara moja, majina yetu chini. Malipo, karatasi inabaki hapa. Na kwa wale paka, Ijumaa unakuja kula."

Ijumaa mwandishi alilipa, akala mpaka ukoko. Jumamosi Mwasiti hakuamkia kiporo.