Nilivyomsema Maksai kwa Meneja

Mdomo wangu ndio uliomtoa mwenzangu kazini. Nasema leo kwa sababu nimechoka kulibeba hili peke yangu. Padri nilimwambia kwenye kitubio, akanipa sala, nikasali nikazimaliza, na mzigo uko pale pale.

Nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma hapa Sumbawanga, la kununua mahindi. Miaka ile mashirika yalikuwa bado na timu zao, na mtu akijua mpira alipewa ajira. Kwenye karatasi aliandikwa mlinzi au mpanga magunia, lakini kila mtu alijua imeajiriwa miguu. Sisi tulikuwa nao saba wa namna hiyo. Wengi walikuja asubuhi kusaini, wakaaga kwamba wanakwenda mazoezini, basi, huwaoni tena.

Mmoja hakuwa hivyo. Nitamwita Gaudensi, ingawa si jina lake. Alitoka upande wa Kaengesa, mtoto wa wakulima wa ulezi, na alicheza kiungo. Sisi mashabiki tulimwita Maksai, kwa sababu aliulima uwanja kutoka goli hadi goli, na dakika za mwisho, wenzake wameshika viuno, yeye bado anakimbizana na watu. Kesho yake Jumatatu unamkuta ghalani na gunia begani, wakati mshambuliaji wetu bado amelala kwake Majengo.

Sasa njoo kwenye ubishi. Kila Jumatatu saa nne, kwenye kibanda cha mama wa chai nyuma ya ghala, tuliicheza upya mechi ya jana. Upande mmoja mimi, upande wa pili Masanja, dereva wetu wa lori, Msukuma ambaye baba yake alihamia bonde la Rukwa na ng'ombe zake. Masanja alisema bila Maksai timu haina mgongo, mtoeni muone mabeki watakavyolia. Mimi nilisema maksai kweli, analima sana lakini hazai: msimu mzima hana goli hata la kuotea! Kibanda kizima kikacheka. Nikasema mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu, na pasi zake zote zinarudi nyuma kama mtu aliyesahau kofia nyumbani.

Moyoni nilimpenda, naapa. Lakini mkikaa wote upande mmoja ubishi haupo, na mimi bila ubishi chai haishuki. Hata yeye mwenyewe alikuwa akipita na gunia lake, anatusikia, anacheka, anasema mguu wa kushoto ameuacha kijijini unachunga mbuzi.

Ndipo likaja soko huria. Wafanyabiashara binafsi wakaanza kuingia vijijini na malori yao, wanamlipa mkulima taslimu pale pale shambani, na ghala letu likabaki na panya. Akaletwa meneja mpya kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Kwenye korido watu walinong'ona kwamba amekuja na fagio.

Jumatatu moja Masanja alinishinda ubishi vibaya sana. Jana yake Maksai alikuwa amemkaba mchezaji hatari wa wageni waliotoka Mpanda, amemkaba mpaka kocha wao akamtoa, tukashinda. Masanja akanigeuza kichekesho mbele ya watu wote. Nikarudi ofisini nimenuna. Saa hiyo hiyo meneja akaniita.

Akanikaribisha kiti. Akaniagizia chai, jamani, mimi karani! Akasema amesikia hapa hakuna anayejua mpira kunishinda mimi. Kisha akaanza kuniuliza habari za wale wachezaji saba, mmoja mmoja, nani ana faida kwa timu na nani anabebwa tu. Akafika kwa Gaudensi.

Nitasema yote, vinginevyo sina haja ya kuandika. Nilihisi. Karatasi ilikuwa mbele yake, kalamu mkononi, na habari za fagio nilikuwa nimezisikia. Lakini utamu wa kuulizwa na mkubwa! Na hofu nayo ilikuwepo, kwamba nikionekana wa maana labda nitabaki. Na maneno ya Masanja yalikuwa bado yananichoma.

Nikamwaga. Ana mguu mmoja. Hafungi. Pasi za nyuma. Umri unakwenda. Anatumia nguvu, akili kidogo. Nikamalizia na ule utani wangu wa maksai asiyezaa, meneja akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mnaweza kwenda bila yeye?"

Nikamjibu, "Tunaweza, mzee. Tena vizuri tu."

Habari za magunia sikuzigusa. Aliniuliza mpira nikamjibu mpira. Ningesema tu kwamba huyu ndiye mchezaji pekee anayefanya kazi ya ghala, sentensi moja hiyo, ningepungukiwa nini? Sikuisema. Nilimaliza chai yangu nikashukuru.

Wiki mbili baadaye karatasi ya waliopunguzwa ikabandikwa ubaoni. Gaudensi yumo. Mshambuliaji wetu, yule wa kulala, amebaki. Na mimi nimebaki. Masanja aliisoma ile karatasi mara mbili, akaenda kukaa kwenye lori lake siku nzima.

Jumapili baada ya misa Gaudensi akaja nyumbani kwangu na mke wake. Mkewe alikuwa mjamzito, tumbo la miezi ya mwisho, na kikapu cha unga wa ulezi kichwani. Nikawakaribisha. Hawakunywa hata maji.

"Kaka," Gaudensi akasema, "wewe unajua kuongea, na meneja anakusikiliza, watu wote waliona alivyokuita ofisini kwake. Nisemee. Mwambie mpira niko tayari kuacha, ila magunia nitabeba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukiri. Mkewe alikuwa ananitazama, na ulimi ule uliokuwa mwepesi kibandani ukawa mzito. Nikasema nitakwenda kesho. Na unga nikaupokea, Mungu anisamehe.

Nilikwenda kweli. Nilimweleza meneja habari za magunia, nikaeleza na hali ya mke wa mtu, nikajieleza mpaka jasho likanitoka. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alishangaa tu.

"Lakini si wewe uliyeniambia mnaweza kwenda bila yeye?" akasema. "Mimi mpira siujui. Nilikuamini."

Akaniambia idadi imetoka makao makuu na haipungui. Akitoka huyu kwenye karatasi ya waliopunguzwa, lazima aingie mwingine. Akanisogezea orodha ya wafanyakazi wote pamoja na kalamu, akasema kwa upole kabisa nimtajie mimi nani aingie. Niliangalia yale majina. Masanja yumo, ana watoto sita. Mlinzi wa zamu yumo, mzee wa watu. Na langu limo, katikati ya ukurasa. Nikawakumbuka wanangu na ada zao. Nikasema, "Basi, mzee." Nikatoka.

Gaudensi nilimwambia nimejaribu, imeshindikana. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema Mungu atanilipa. Ile nyumba ya shirika aliyokuwa akikaa ilitakiwa haraka. Akahamia Kasanga, kubeba mizigo bandarini, inayopakiwa kwenye maboti ya Zambia na Kongo.

Timu bila yeye ilikuwa aibu. Kati pale watu walipita kama sokoni, na kila Jumatatu Masanja aliniuliza maksai wangu asiyezaa yuko wapi sasa nimrudishe. Hakujua alichokuwa anasema, maskini. Niliacha kwenda kibandani. Na haikupita miaka miwili shirika lenyewe likafungwa, sote tukarudishwa nyumbani na barua zetu. Kumbe hata hicho kiti nilichokilinda hakikuwa kiti.

Siku hizi nauza samaki Majengo. Mwaka jana nilishuka Kasanga kununua migebuka, nikamwona kwenye gati na mzigo mgongoni. Amekonda, na mguu mmoja anauburuta. Nilitaka kujificha. Akaniona, akatua mzigo, akawaita wenzake.

"Huyu ndiye kaka niliyewaambia," akawaambia. "Huyu alinipigania kwa meneja."

Wabeba mizigo wale wakanipa mkono mmoja mmoja. Gaudensi akanichukua kwake tukale ugali. Akaniuliza Masanja mzima? Nani anacheza kiungo siku hizi? Kisha akamwita mtoto wake wa kiume aje anisalimie, yule aliyekuwa tumboni siku ile ya unga. Mtoto akaniamkia shikamoo. Baba yake akacheka akasema, huyu ni wajina wako, tulimpa jina lako tulipofika huku.

Nililishika tonge sijui la kulifanya nini. Nikimwambia ukweli, namwondolea na lile moja alilobaki nalo kutoka Sumbawanga, na mtoto naye nimwambie nini? Nisipomwambia, naendelea kula ugali wa mtu niliyemmaliza. Nikala. Nikapanda lori na samaki wangu nikarudi.

Ninyi mnaobishana vijiweni, bishaneni, mpira bila ubishi haunogi. Lakini ubishi wa kibandani uishie kibandani. Mkubwa akikuita, akakuagizia chai na kukuuliza habari za mwenzako, usikimbilie kuonyesha unavyojua. Taja kwanza kazi anayoifanya. Ukishindwa, sema hujui, hata kama utaonekana mjinga. Mimi nilionekana mjuzi, na hakuna niwezalo kufanya tena.

Jina langu siliandiki. Liko Kasanga kwa mtoto asiye na kosa, na mwaka huu ameanza darasa la kwanza.