Kopo la soda ndani ya gurudumu

Baiskeli yetu ya gia iliyumba nikiingia sokoni Mugumu na mtoto mgongoni, nikakimbilia kwa fundi aliyefundishwa kazi na mume wangu. Akafungua gurudumu, akatoa beringi iliyozungushiwa kipande cha kopo la soda.

“Shemeji, hii ni ndogo, imekazwa kwa bati. Umeteremka nayo mlima?”

“Kila siku.”

Akajaribu beringi mpya mbili. Iliyoingia kwa kidole akaikataa, akachagua iliyogoma kuingia mpaka ikagongwa kwa nyundo.

“Nani alikufungia ile?”

“Kaka yako, huyo huyo mwalimu wako.”

Akaweka nyundo chini polepole. “Usimwambie nimeiona.”

Nikaitikia. Kile kipande cha kopo ninacho mkobani, na zaidi yenu wasomaji, naahidi simwambii mtu mwingine.