Seli Nne Ndani ya Ua la Maharage

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, likizo ya Pasaka, nilirudi Busunzu kutoka sekondari ya Kasulu na daftari la baiolojia na maringo yasiyo na mfano. Dada yangu alikuwa anapalilia mihogo, kando ya maharage yaliyoanza kutoa maua. Mimi nimekaa kivulini, najisomea kwa sauti. Nyumbani walisema mikono yangu ni ya kalamu, nami niliafiki upesi mno.

"Hebu nifundishe na mimi," akasema.

Nikachuma ua la maharage, nikalipasua kwa wembe. Ndani mna ganda changa, jembamba, na ndani ya ganda vitone vimejipanga kama mayai ya chawa. Nikajitia ualimu.

"Kila kitone hiki kitakuja kuwa punje. Lakini kwanza, ndani yake seli moja inagawanyika, zinatoka nne, ndugu wa tumbo moja. Tatu zinakufa. Inayobaki inakua, ndiyo inayotengeneza yai. Chavua ikishalifikia yai, punje inaanza."

"Ego," akaitikia kwa Kiha. "Hizo tatu zina ugonjwa?"

"Hapana. Nzima kabisa."

"Sasa mwenzao amechaguliwa kwa lipi?"

"Kwa kawaida inabaki iliyo karibu na chakula," nikajibu haraka haraka, kama anayewania maksi.

Ndipo nikayasikia maneno yangu. Kwetu tulizaliwa wasichana wanne. Wakubwa wawili waliolewa bila kumaliza shule ya msingi. Huyu wa tatu alifaulu darasa la saba kabla yangu, tena kwa alama zilizozidi zangu, ila mwaka ule kahawa ya baba ilishikwa na ugonjwa, ada ikakosekana. Mwaka wangu kahawa ilizaa mpaka matawi yakainama. Hiyo ndiyo akili yote iliyonipeleka sekondari.

Niliona aibu. Niliacha daftari majanini, nikaenda kulishika jembe lake bila kuthubutu kumtazama usoni. Akalivuta kwake.

"Acha. Utatoka malengelenge, ushindwe kuandika."

Akalima kidogo, kisha akasimama kupumua.

"Ila kwenye mtihani, mdogo wangu, na hizo tatu uziandike. Wasije wakadhani ilikuwa moja tangu mwanzo."