Mwaka wa Msingi

Kazi ya Consolate hata mume wake alishindwa kuieleza. Kwa miaka miwili, katika ofisi moja ya serikali pale Kigobe, alikusanya hesabu za mafuta yanayochomwa na viwanda vya Bujumbura, ili ijulikane kila kimoja kinatoa moshi kiasi gani. Siku moja kungekuwa na soko: kila kiwanda kipewe vibali vya moshi, anayezidisha anunue kwa aliyebakiza.

Mwaka jana mafuta yaliadimika. Consolate alitoka nyumbani kwake Kamenge kwa miguu kila asubuhi, na viwandani akakuta kimya. Kwenye kiwanda cha sabuni, Pontien, fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia, aliushika mkono wake akauweka juu ya chuma chake. Kilikuwa baridi.

"Miezi tano, mama. Wenzangu wote wamerudi nyumbani. Andika vile unaona."

Aliandika.

Machi wakaja wageni kutoka nchi zenye masoko hayo, kufundisha walivyoanza kwao. Katika hoteli moja ya Kinindo, mkuu wake, Rénovat, akaonyesha ukutani mstari unaoshuka: moshi umepungua kwa zaidi ya nusu. Makofi yakapigwa. Akasema mwaka jana ndio utakuwa mwaka wa msingi: kila kiwanda kitapewa vibali kulingana na moshi kilioutoa mwaka huo.

Consolate akasimama bila kuitwa.

"Hatukupunguza chochote. Mafuta yalikosekana. Mafuta yakirudi, atakayewasha boila ataadhibiwa kwa kufanya kazi."

Wakati wa chai, mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, akamfuata.

"Sisi tulikosea hivyohivyo, na viwanda vikafungwa. Chukueni wastani wa miaka mitano. Ila mtahitaji ushahidi wa miaka ya nyuma."

Rénovat akampa mpaka Ijumaa alete madaftari ya mafuta ya miaka hiyo.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa na kufuli. Cha pili kilikuwa na daftari moja tu. Kwa Pontien, maji ya ziwa lililofurika yalikuwa yameingia stoo, na madaftari ya zamani yamekuwa uji.

"Tuandike mapya," Pontien akasema. "Mi ninakumbuka. Nani atajua?"

Consolate alishika kalamu. Alitamani sana. Akaandika tarehe moja, akaikata, akaanza kulia mbele ya mtu ambaye si ndugu yake.

"Apana, Pontien. Wakigundua, hata zile za kweli hawataziamini tena."

Ijumaa alipeleka daftari lile moja. Rénovat aligeuza kurasa taratibu.

"Consolate, unadhani sijui? Lakini kwa daftari hili moja nitawashawishi vipi wakubwa?"

Akatia sahihi mwaka jana uwe mwaka wa msingi. Wiki iliyofuata Consolate akahamishiwa masijala.

Kabla ya kuhama alienda kumwambia Pontien kuwa mwaka umepitishwa, asije akasikia kwa watu wengine.

"Na huo mwaka watabadilisha lini?"

"Baada ya miaka sita."

Pontien ana miaka hamsini na minane; mwaka ukibadilishwa, umri wa kustaafu utakuwa umempita. Alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka barabarani. Consolate alisimama pale muda mrefu, asijue aelekee wapi.